Mserereko, Si Kuteleza

Faharasa ya muziki iliyonifikia hivi karibuni imeidhinisha "gitaa la kuteleza" kuwa tafsiri ya "slide guitar". Walioiandaa walikaa vikao, wakapitisha, wakachapa. Niliwapelekea hoja zangu kwa maandishi. Hadi leo sijajibiwa.

Kuteleza ni jambo lisilokusudiwa. Mguu huteleza, ulimi huteleza, na mwenye kuteleza huomba radhi. Sasa msikilize mpiga gitaa Jesse Ed Davis katika albamu ya kwanza ya mwanamuziki Taj Mahal, ya mwaka 1968, kwenye "Statesboro Blues", wimbo aliourekodi Blind Willie McTell mwaka 1928. Sauti ya gitaa inapanda hadi pale hasa anapoitaka, inatetemeka, inashuka, inamjibu mwimbaji. Hakuna kilichomponyoka. Mpiga gitaa Duane Allman aliposikia upigaji huo alichukua kichupa cha dawa ya mafua, akakivaa kidoleni, akakipitisha juu ya nyuzi, akajifunza. Mwaka 1971 bendi yake ikaufanya wimbo huohuo kuwa wa kwanza katika albamu *At Fillmore East*. Ufundi uliorithishwa hivyo hauwezi kupewa jina la ajali.

Wapo wanaopendekeza "mteremko". Hao wawaulize mashabiki wa soka: mteremko ni mechi rahisi.

Natetea *mserereko*. Kitenzi serereka ni ndugu wa tiririka: silabi inajirudia, re-re, ri-ri, na kimadende, yaani r, hakiruhusu sauti ikatike. Neno lenyewe linafanya linachokisema. Nalo halikuundwa kwa kubahatisha: tiririka hutoa mtiririko, poromoka hutoa mporomoko, serereka hutoa mserereko. Sarufi ilikwisha kutupa jibu kabla ya kikao chochote kuitishwa.

Wala sauti hiyo si ngeni pwani. Shingo ya udi na ya fidla, ala za taarabu, haina vigawanyo vya chuma, hivyo kidole hupita katikati ya noti, mahali ambapo gitaa la kawaida halifiki kwa urahisi bila kichupa. Taj Mahal aliijua taarabu kwa karibu: mwaka 2005 ilitoka *Mkutano*, albamu yake na Culture Musical Club ya Zanzibar.

Matumizi ni mepesi: anapiga gitaa kwa mserereko, yeye ni mpiga mserereko, cha kidoleni ni kichupa, hata kikiwa cha chuma.

Faharasa hiyo ikichapwa tena, ukurasa huo usahihishwe.