Butembo: Injini ikihamia gari lisilo lake, kipimo kinaanzia nyuma

Fungua boneti ya Land Cruiser kuukuu au Canter hapa Butembo, mara nyingi utakuta injini ambayo haikuzaliwa nalo. Injini za mtumba zinatoka Japani na Dubai, zinashukia Mombasa, zinavuka Uganda na kuingia kwetu kupitia Kasindi. Injini ya gari ikifa, mwenye gari hupiga hesabu: kuifufua au kununua nyingine? Wengi wananunua nyingine, hata kama si ya aina ile ile. Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza, kwa sababu vile vyuma vinavyoibeba injini kwenye shasi havilingani na vya zamani. Ni lazima avitengeneze upya.

Ninaandika haya kwa ajili ya familia zilizokimbia Kanyabayonga Juni 2024, na nyingine zilizokimbia kabla na baada yao, ambazo bado zinasafiri juu ya magari haya pamoja na magodoro, masufuria na watoto. Abiria hachagui injini, lakini anaweza kujua cha kumuuliza dereva.

Kwanza tuwaondolee mafundi wetu lawama moja. Kuna wanaosema kubadilisha injini ni ujanja wa nchi maskini. Hiyo Land Cruiser yenyewe ilizaliwa hivyo. Mwaka 1951 Toyota ilichukua injini yake ya lori, aina ya B, silinda sita, lita 3.4, ikaiweka kwenye gari dogo la mtindo wa Jeep. Ndiyo maana likaitwa BJ: B ni injini, J ni Jeep. Julai mwaka huo dereva wa majaribio, Ichiro Taira, alilipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina la Land Cruiser lilikuja baadaye, mwaka 1954.

Waingereza nao walifundishwa na injini. Land Rover ya 1948 ilikuwa na injini ndogo ya petroli, lita 1.6. Walipotaka kuipa dizeli, waliona haitakaa vizuri mle. Mwaka 1956 wakarefusha shasi, ile fupi kutoka inchi 86 hadi 88, ile ndefu kutoka 107 hadi 109. Dizeli ikafuata mwaka 1957. Inchi mbili ni kama sentimita tano tu, yaani upana wa vidole vitatu, lakini kiwanda kizima kilisimama kuzitafuta. Mwaka 1979 wakaweka injini ya V8, ambayo mchoro wake Rover iliununua kwa Wamarekani wa Buick, tangazo likatoka 1965. Safari hii radieta ilisogezwa mbele, na uso wa gari, ambao zamani ulikuwa umeingia ndani, ukawa sawa na mabawa. Anayelijua gari hilo anaweza kuliona kwa mbali.

Fundi wetu hana kiwanda cha kurefusha shasi. Ana mashine ya kuchomea, jeki mbili, mnyororo wa kuinulia na vipande vya mbao. Basi inambidi ahangaikie mahali, na hapo ndipo wengi wanaharibu. Wanaanzia mbele: wanaishusha injini mpaka inaonekana imekaa, wanachomea vyuma, halafu bwati ya vitesi na kardani vinatafutiwa njia baadaye. Mzee mmoja mwenye garaji hapa mjini, aliyenifundisha mengi katika makala hii, anafanya kinyume. Anaifunga injini na bwati pamoja, anaining'iniza kwa mnyororo, kisha anaenda kulala chini ya gari upande wa nyuma.

Anachotafuta kule kilielezwa tangu karne ya 17 na Mwingereza Robert Hooke. Ule msalaba wa kardani unapozunguka ukiwa umepinda, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo mmoja: katika kila mzunguko unaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Dawa yake ni msalaba wa pili unaopinda kwa pembe ile ile, ili kosa la wa kwanza lifutwe na wa pili. Kwa hiyo mstari wa bwati na mstari wa pua ya difu vinapaswa kwenda sambamba, kimoja juu na kingine chini. Pembe iwe ndogo, digrii moja hadi tatu kwa kila msalaba. Sifuri kabisa nayo haifai, maana zile sindano ndani ya msalaba hazitembei, zinachimba mahali pamoja. Na vipimo vichukuliwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, mahali tambarare, na uzito linaoubeba kila siku. Gari tupu linadanganya, kwa sababu springi zikishuka pembe nayo inabadilika.

Nyuma ikishakubali, anakuja mbele. Karta, lile beseni la mafuta, iwe na nafasi juu ya ekseli hata gari likiruka shimo. Feni isiguse radieta. Bomba la moshi lisipite karibu na sanduku la usukani. Hili linatusumbua sana, kwa sababu injini nyingi zinatoka kwenye magari ya usukani wa kulia na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, usukani ukiwa kushoto. Filta ya mafuta iweze kutoka bila kuvua injini! Ni jambo dogo, lakini nimeona gari ambalo lilikaa mwaka mzima bila kubadilishiwa filta kwa sababu hiyo tu.

Zinabaki raba, ambazo huku tunaziita silenbloki. Zamani injini nyingi zilifungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye shasi, na mtetemo wote ukamfikia abiria. Mwaka 1931 Chrysler ya Marekani ilitoa Plymouth iliyobebwa na raba mahali pawili, mbele juu na nyuma chini, ili injini iyumbe kwenye mstari unaopita katikati ya uzito wake. Citroën ya Ufaransa ikanunua haki ya kutumia mbinu hiyo mwaka uliofuata. Fundi anayeweka kipande cha tairi chini ya chuma yuko kwenye njia ile ile. Ila aipime injini ikiwa imeshakalia raba, kwa kuwa raba inabonyea, na aitoe raba kabla ya kuchomea, moto usiiunguze.

Sasa swali la kumuuliza dereva: breki ya mkono inashika wapi? Kwenye Land Rover za zamani na Canter nyingi, inashika nyuma ya bwati, haigusi magurudumu. Nguvu yake inafika kwenye magurudumu kwa kupitia kardani. Kardani ikikatika, breki ya mkono haina kitu cha kushika, na ile nguvu ya injini ya kulizuia gari mteremkoni inapotea pia. Gari limeegeshwa kwenye kilima, watu bado wako juu ya mizigo. Jiwe nyuma ya gurudumu ni la lazima.

Wiki iliyopita nilimkuta yule mzee chini ya Canter. Alikuwa na kipimapembe cha mwanafunzi, uzi na nati imening'inia. Mbele alisoma digrii saba, nyuma mbili. Vyuma vilikuwa vimeguswa kwa nukta chache tu za moto, akaomba nyundo.

“Fundi, mimi nilisema gari itoke leo,” dereva akalalamika.

“Papa, ikitoka leo itarudi kesho ikivutwa.”

Akazigonga zile nukta, chuma kikaachia, akaanza kuvuta mnyororo upya.