Jina Lisilokatalika: Matusi ya Mazoea na Ulemavu katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

1.0 Utangulizi

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, sehemu mbili zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 1992, Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi tangu miaka ya 1920. Ndicho kilichowakutanisha Mkipsigis, Mgusii, Mjaluo na Mluhya katika mstari mmoja wa kuchuma, na ndicho alichokitumia nyapara kuwahimiza wote. Mtu akisimama kwa saa moja tu karibu na mizani, wakati majani yanapopimwa, hakosi kusikia maneno ya namna hii: "Wewe ni kiziwi? Nimesema leta kikapu!" "Kipofu wewe, huoni umechuma majani makuukuu?" "Huyu naye anatembea kama kiwete." Anayeambiwa maneno hayo huwa anasikia, anaona na anatembea vizuri. Hucheka kidogo, au hunyamaza, kisha akasogea mbele. Msemaji naye akiulizwa hujibu kwamba hakumkusudia kiziwi yeyote. Ni maneno tu ya kazini.

Makala hii inakusudia kuchunguza iwapo jibu hilo linatosha. Je, tusi la mazoea, linalotamkwa pasi na chuki na kuelekezwa kwa mtu asiye na ulemavu, laweza kuwa udhalilishaji kwa wenye ulemavu? Wahakiki wengi hulijibu swali hili kwa kupima nia ya msemaji, na wengine kwa kupima neno lenyewe. Sisi tunadai kwamba vipimo vyote viwili ni pungufu. Historia ya nchi hii ya chai inatupa kipimo cha tatu: uwezo wa mwenye jina kulikataa jina lake.

2.0 Neno Lenyewe: Ushahidi wa Sarufi

Yafaa tuanze na neno. Wanasarufi, akiwemo Ashton (1944), wamekwisha kuonyesha kwamba majina mengi ya watu wenye ulemavu yamo katika ngeli ya KI-VI, ambayo kwa kiasi kikubwa ni ngeli ya vitu: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibyongo. Kiambishi hichohicho hutumika pia kudunisha, kama vile mtu anapogeuzwa kuwa kijitu. Wapo waliohitimisha kutokana na hayo kwamba lugha ya Kiswahili imewaweka watu hawa miongoni mwa vyombo na vifaa, na kwamba dharau imo ndani ya sarufi.

Hitimisho hilo lina haraka. Ngeli hiyohiyo inamhifadhi kiongozi, kijana, kinyozi na kiumbe, na hakuna anayehisi kwamba kiongozi ametukanwa kwa kuitwa hivyo. Zaidi ya hayo, Kiswahili sanifu kinadai upatanisho wa viumbe wenye uhai: kipofu huyu amefika, viziwi hawa wanasoma. Dharau huingia pale msemaji anapochagua kuvunja kanuni hiyo na kusema "kipofu hiki kimefika". Huo ni uamuzi wa msemaji, wala hauwezi kutwikwa ngeli.

Hata hivyo, kuna neno moja linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi, nalo ni kilema. Neno hili ni jina la hali na papo hapo ni jina la mtu. Husemwa kwamba fulani ana kilema, na husemwa vilevile kwamba fulani ni kilema. Katika matumizi ya pili mtu humezwa na hali yake; hakubaki chochote chake kisichotajwa na ulemavu. Ndiyo maana, katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, maandishi rasmi yalianza kupendelea mlemavu, na baadaye, hasa baada ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, yakapendelea mtu mwenye ulemavu. Mabadiliko hayo yana maana, kwa kuwa yanamrejesha mtu mbele ya hali. Lakini hayakukomesha matusi. Siku hizi twasikia watoto wakiitana "mlemavu wewe" kwa sauti ileile waliyoitumia babu zao kusema kilema. Neno jipya limerithi kazi ya neno la zamani. Hapana budi, basi, tutoke kwenye neno twende kwenye historia ya matumizi yake.

3.0 Maofisa na Wapagazi: Hali Moja, Heshima Mbili

Ni wasomaji wachache wanaokumbuka kwamba nchi ya chai ya Kericho ilianza kwa jina la ulemavu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni chini ya Gavana Edward Northey iliandaa mpango wa kuwapa ardhi wanajeshi Wazungu waliotoka vitani. Sehemu moja ya juhudi hizo ilikuwa makazi maalumu ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa, yaliyojulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama BEADOC, yaani Makazi ya Maofisa Walemavu wa Afrika Mashariki ya Kiingereza. Ekari zipatazo 25,000 karibu na Kericho zilikatwa kutoka katika ardhi ya Wakipsigis na kukabidhiwa maofisa hao ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka vibaya mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mradi ukafa. Katikati ya mwongo huo ardhi ikapita mikononi mwa makampuni ya chai. Mashamba tunayoyaona leo yakaanza kupandwa.

Tulitazame jina hilo kwa jicho la mhakiki. Neno walemavu limewekwa katika jina rasmi la makazi, likaandikwa kwenye barua na hati za ardhi, wala halikumwonea haya mtu yeyote. Lilikuwa dai. Lilisema: watu hawa wamepoteza viungo vyao kwa ajili ya Dola, na Dola ina deni. Wenye jina walilichagua wenyewe, nalo likawafungulia mlango wa maelfu ya ekari.

Sasa tuwatazame waliorudi kutoka vita hivyohivyo kwa upande wa pili. Waafrika waliosombwa kubeba mizigo ya jeshi, wale ambao kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Waliosalia walirudi makwao, baadhi wakiwa wamevunjika miili. Mpango wa ardhi haukuwa wao. Hata mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Hakuna makazi yaliyopewa jina la mpagazi mlemavu. Ofisa aliyepoteza mguu alikuwa mlemavu kwa herufi kubwa, naye mpagazi aliyepoteza mguu alikuwa kiwete.

Mfano huu unavunja kipimo cha neno. Hali ya mwili ilikuwa moja. Tofauti haikutokana na ngeli wala kamusi. Ilitokana na nani aliyekuwa na sauti ya kujiita, na nani aliyeitwa tu.

4.0 Lumbwa: Jina Lililokataliwa

Nchi hii ina ushahidi mwingine kuhusu majina, nao unawahusu wenyeji wote bila kujali miili yao. Katika maandishi ya awali ya wakoloni Wakipsigis hawakuitwa Wakipsigis. Waliitwa Lumbwa, jina linalohusishwa na Wamaasai, ambao kwao mtu aliyelima udongo badala ya kutegemea ng'ombe hakuwa na hadhi. Maofisa wa serikali walilichukua jina hilo wakaliandika katika ramani na ripoti, na stesheni ya reli ikaitwa Lumbwa.

Bila shaka karani aliyeandika Lumbwa katika daftari lake hakuwa na nia ya kumtukana mtu. Kwake lilikuwa jina la mahali na la kabila. Wenyewe, hata hivyo, walijua walivyojiita, na polepole jina lao likashinda. Peristiany alipochapisha utafiti wake mwaka 1939 kitabu chake tayari kilizungumza juu ya Wakipsigis, na stesheni ile leo inaitwa Kipkelion. Hatujamsikia mtu yeyote wa Kericho akidai kwamba mabadiliko hayo yalikuwa ya bure kwa sababu wakoloni hawakuwa na nia mbaya. Watu wa nchi ya chai wanafahamu vyema, kutokana na historia yao wenyewe, kwamba jina linaweza kumdhalilisha mtu hata pale anayelitamka amekwisha sahau dharau iliyomo. Kinachoshangaza ni kwamba ufahamu huo husahaulika penye mizani.

5.0 Hoja ya Utani

Hapa yatupasa kuikabili hoja yenye nguvu zaidi ya upande wa pili. Husemwa kwamba maisha ya kambi za wafanyakazi yalijaa utani. Kwamba makabila yalitaniana, marika yalitaniana, na kila mtu alikuwa na lakabu. Mwenye chongo aliitwa Chongo, mwenye mguu mfupi aliitwa Kiwete, nao waliitika na kucheka. Aidha, wapo watu wenye ulemavu wanaosema wenyewe "sisi vilema" bila kinyongo. Kuwakataza watu maneno hayo, yasemwa, ni kuiondolea lugha uhai wake.

Tunakubali sehemu ya hoja hii. Lakabu iliyotoka kwa rafiki na kupokelewa na mwenyewe haina budi kuhesabiwa kuwa yake. Lakini utani una sharti ambalo kila mtani analijua: anayetaniwa hujibu. Akishindwa kujibu, au akijibu na kuadhibiwa, utani umekwisha. Mchumaji hawezi kumjibu nyapara "na wewe je?", kwa sababu nyapara ndiye anayeandika kilo zake. Kicheko chake hakiwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa ridhaa.

Yupo pia mtu wa tatu, ambaye hoja ya utani haimtaji kabisa. Nyapara anapomwambia mtu mwenye masikio mazima "wewe ni kiziwi", kiziwi halisi hasemeshwi. Yeye ametumiwa tu kama kipimo cha ubovu. Hawezi kujibu, kwa kuwa hakuulizwa. Hawezi kulikataa jina, kwa kuwa hakuitwa. Hii ndiyo sifa bainifu ya tusi la mazoea: ni jina lililochukuliwa kwa mwenyewe na kupewa mwingine kama adhabu. Kwa hiyo kauli ya kwamba "sikumkusudia kiziwi yeyote" haimtoi msemaji hatiani. Yenyewe ndiyo maelezo ya kosa.

6.0 Mizani na Thamani ya Mwili

Kwa nini matusi ya aina hii yakashamiri penye kazi ya chai? Malipo ya mchumaji yamehesabiwa kwa kilo. Anayestahili ni yule ambaye jicho lake linatambua upesi majani mawili na chipukizi, mkono wake ni mwepesi, na mgongo wake unahimili kikapu mteremkoni. Katika mfumo huo mwili mzima ndio sarafu, na mwili wenye upungufu ni sarafu iliyokatwa. Tusi la "kipofu" au "kiwete" husema kwa neno moja kile ambacho mizani husema kwa tarakimu. Uhakiki wetu wa fasihi ya mashambani, tangu Kilio cha Haki cha Alamin Mazrui (1981), umezungumza sana juu ya tabaka na jinsia. Mwili unaochakazwa na kazi haujapewa nafasi yake.

Na mwili huchakaa. Mwaka 2022 mahakama ya Edinburgh, Scotland, iliruhusu kundi la wachumaji wa Kericho waliodai kwamba kazi imewaumiza migongo na viungo kuendesha shauri la pamoja dhidi ya kampuni iliyowaajiri. Kampuni ililipinga dai hilo, na si kazi ya makala hii kuliamua. Kwetu yatosha kuona kwamba waliosimama mbele ya sheria walikuwa watu waliowahi kuwa wepesi penye mizani. Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Methali hii imezoeleka kufasiriwa kuwa onyo la kimaadili, kwamba usimcheke mwenzio yasije yakakupata. Katika nchi ya chai inasomeka pia kama maelezo ya kiuchumi. Anayetukanwa leo kwa jina la kiwete aweza kuwa njiani kuelekea kwenye hali hiyo, akipelekwa na kazi ileile anayohimizwa kuiharakisha.

7.0 Hitimisho

Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, na pia haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Yafaa wanafunzi wa fasihi wazingatie vitenzi hivyo viwili. Kuitwa kunamhusu aliyepo. Kutajwa kunamhusu hata asiyekuwapo, yaani yule mtu wa tatu ambaye jina lake hutumika kumwadhibu mwingine. Waandishi wa Katiba waliona jambo ambalo wahakiki wa lugha tumechelewa kuliona.

Tumejaribu kuonyesha kwamba matusi ya mazoea yanaweza kudhalilisha, na kwamba ubaya wake haupimwi kwa nia wala kwa kamusi peke yake. Ofisa alilichagua jina lake. Mkipsigis aliitwa jina asilolitaka, akalikataa, na ramani ikabadilika. Mpagazi, mchumaji na kiziwi waliitwa au wakatajwa pasi na nafasi ya kukataa. Kubadilisha kilema kuwa mlemavu, na mlemavu kuwa mtu mwenye ulemavu, ni hatua tunayoiunga mkono. Lakini kila neno jipya litachafuka kama lililotangulia, iwapo thamani ya mtu itaendelea kusomwa kwenye mizani na mwenye jina kuendelea kutoulizwa.