Shampeni: Jina Walipigania, Lakini Wanaochuma Je?

Mko kwa bash, mse anatikisa chupa, kizibo kinaruka mpaka kwa dari na kila mtu anapiga nduru, "Shampeni!" Tulia kwanza. Shika hiyo chupa usome. Kama haijaandikwa Champagne, hiyo ni waini ya mapovu tu. Haimaanishi ni mbaya, inaeza kuwa tamu vibaya sana. Lakini shampeni ni jina la mahali, na kuna wasee walichoma nyumba wakilipigania.

Ni wapi huko?

Champagne iko kaskazini mashariki mwa Ufaransa, kama kilomita 150 hivi kutoka Paris. Miji yenye inajulikana kwa hii biashara ni Reims na Épernay. Mashamba ya mizabibu yanafika karibu hekta 34,000. Huko ni baridi, kwa hivyo zabibu zinaiva polepole na zinabaki na uchachu. Huo uchachu ndio unafanya hii tei isikae soda.

Udongo wa sehemu nyingi una chaki. Chaki inashika maji, so mvua ikikosa mizizi bado inapata ya kunywa. Watu wamechimba mahandaki marefu ndani ya hiyo chaki, na huko chini ndiko chupa zinalala.

Zabibu zinazotumika sana ni tatu: Pinot Noir, Meunier na Chardonnay. Mbili za kwanza zina ngozi nyeusi, lakini zikikamuliwa polepole juisi yake haibebi rangi ya ngozi.

Mapovu yanatoka wapi?

Si gesi ya kupuliziwa. Kwanza wanatengeneza waini ya kawaida. Wanaiweka kwa chupa na hamira na sukari kidogo, wanafunga. Hamira inakula sukari, inatoa gesi, na gesi haina pa kutorokea. Presha ndani inafika zaidi ya mara mbili ya ile ya tairi ya gari, kwa hivyo usielekezee mtu kizibo usoni. Kisheria, shampeni ya kawaida inakaa angalau miezi 15 kabla iuzwe. Ile ya mavuno ya mwaka mmoja inakaa miaka 3.

Utaskia ati mtawa Dom Pérignon ndiye aligundua mapovu. Zii. Huyo alisimamia pishi la watawa kule Hautvillers hadi akafa mwaka wa 1715, na kwa enzi yake mapovu yalikuwa shida, yalikuwa yanapasua chupa.

Vita ya jina

Mwaka wa 1910 mavuno yalienda vibaya kabisa. Wakulima walikuwa wamesota, na bado kuna wafanyabiashara walikuwa wanaleta zabibu za bei rahisi kutoka kwingine, wanatengeneza waini na kuiuza kama shampeni. Januari 1911 wakulima waliwaka. Walivamia mapishi, wakamwaga waini na kutupa mapipa kwa mto Marne. Aprili, kwa mji wa Aÿ, nyumba za wafanyabiashara ziliwashwa moto. Serikali ikatuma jeshi. Ni mwaka wa 1927 ndio sheria ilichora mipaka ya eneo, na 1936 jina likapata ulinzi kamili.

Na wanaochuma?

Hapa ndio stori inauma. Kule Champagne, sheria inasema zabibu zichumwe kwa mikono. Kila mavuno maelfu ya vibarua wanaingia shambani. Septemba 2023, vibarua zaidi ya 50, wengi wao kutoka Afrika Magharibi na bila makaratasi, walipatikana wakilazwa kwa jengo chafu. Julai 2025, mahakama ya Châlons-en-Champagne ilipata watu watatu na hatia ya kusafirisha binadamu kwa hiyo kesi.

Kwa hivyo jina liko salama. Ukilibandika kwa chupa ya kwingine huko Ulaya, mawakili watakufikia haraka. Mse mwenye alichuma zabibu, yeye alingoja karibu miaka 2 kuskia hukumu.

Ukishika chupa

Brut maana yake sukari ni kidogo, chini ya gramu 12 kwa lita. Kama unapenda tamu, tafuta Demi-Sec. Halafu angalia zile herufi ndogo kwa lebo. RM inamaanisha mkulima amepanda na kutengeneza mwenyewe. NM ni kampuni yenye inaeza kununua zabibu za wengine.

Na usiitikise. Mtu aliinama shambani siku mzima ndio hiyo chupa ijae, na wewe unaimwaga kwa viatu.