Merikani: Kitambaa, Pamba na Vita vya Utumwa

Mwenye kuifungua kamusi ya zamani ya Kiswahili atalikuta humo neno merikani, na maana yake ni kitambaa cha pamba, kizito, kisichotiwa rangi, kilichokuwa kikishuka katika bandari ya Unguja kutoka Marekani tangu miaka ya 1830, kisha kikapanda bara juu ya vichwa vya wapagazi mpaka Unyamwezi na Ujiji, na huko kikawa si nguo tu bali ni nakidi, kikipimwa kwa mkono, kwa shuka, kwa doti na kwa jora, kikitolewa hongo kwa watemi njiani, kikitumiwa kununulia pembe za ndovu na pia, maana aibu haifichiki, wanadamu. Naanza na kitambaa hiki makusudi, kwa kuwa vita ninavyotaka kuvieleza, vile walivyopigana Wamarekani wenyewe kwa wenyewe baina ya 1861 na 1865, aghalabu husomwa kwetu kama habari za nchi ya mbali, ilhali uzi wake ulipita katika mikono ya babu zetu.

Mnamo Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alifunga mkataba wa urafiki na tijara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Mwaka 1837 akaja Unguja balozi mdogo wa kwanza wa nchi ile, Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem. Na mwaka 1840 merikebu ya Sayyid iitwayo Sultana, nahodha wake Ahmad bin Naaman, ikatia nanga New York na shehena ya karafuu, pembe, tende na kahawa. Waters alikuwa mtu wa dini aliyeuchukia utumwa, na sina haja ya kuishuku nia yake. Lakini merikani aliyoiuza ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, katika jimbo lisilo na mtumwa hata mmoja, kwa pamba iliyopandwa, kupaliliwa na kuchumwa na watumwa wa Georgia, Alabama na Mississippi. Na ilipoteremshwa Unguja ilichukuliwa forodhani na mahamali ambao wengi wao walikuwa watumwa, ujira wao ukiingia mifukoni mwa mabwana zao. Hivyo jasho la mtumwa wa ng'ambo ile lilivuka bahari mbili likawa thamani ya kumnunulia mtumwa wa ng'ambo hii. Sijui ushahidi ulio mzito kuliko huu kwamba utumwa haukuwa tabia ya nchi moja wala ya kabila moja, bali ni biashara iliyofumwa dunia nzima.

Ilifikaje pamba kuwa na nguvu za kuipasua dola? Karne ya kumi na nane ilipokaribia kwisha walikuwako Wamarekani wengi walioamini kwamba utumwa utadhoofika wenyewe, maana tumbaku ilikuwa imeichosha ardhi ya Virginia, na pamba ya bara ilikuwa na mbegu zenye kushikamana mno na nyuzi, hata mtu akashinda kutwa nzima kuchambua ratili moja. Mwaka 1793 Eli Whitney akaunda mashine ya kuchambulia, na kazi iliyokuwa ya siku ikawa ya dakika chache. Mtu angetarajia chombo hicho kimpunguzie mtumwa kazi. Kumbe kilimwongezea, kwani uchambuzi ulipokuwa rahisi mashamba yalipanuka kuelekea magharibi mpaka bonde la Mississippi, na kwa kuwa sheria ilikuwa imekataza tangu 1808 kuingiza watumwa kutoka Afrika, watu waliuzwa kutoka Virginia na Maryland wakapelekwa kusini, wengine kwa miguu wakiwa katika minyororo, wapata milioni moja kwa jumla, mume akitengwa na mkewe na mtoto na mamake. Ilipofanywa hesabu ya watu mwaka 1860 watumwa walikuwa karibu milioni 4 katika nchi ya watu milioni 31, na thamani yao sokoni ilizidi thamani ya reli zote na viwanda vyote vya nchi hiyo vikijumlishwa pamoja. Mali kubwa namna hiyo haimtoki mwenyewe kwa mawaidha.

Ugomvi ulizuka hasa juu ya nchi mpya za magharibi: je, zitakuwa za watu huru au za mabwana na watwana? Mwaka 1820 walipatana kuchora mstari wa kuzitenga nchi za utumwa na nchi huru; mwaka 1850 wakatunga sheria iliyomlazimisha hata mtu wa Kaskazini kusaidia kuwakamata watoro; mwaka 1854 mstari ule ukafutwa, na damu ikamwagika Kansas; mwaka 1857 Mahakama Kuu ikahukumu katika shauri la Dred Scott kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani. Abraham Lincoln alipochaguliwa Novemba 1860 hakuwa ameahidi kuufuta utumwa ulipokuwapo, bali kuuzuia usienee, na hilo peke yake lilitosha South Carolina kujitenga mwezi uliofuata, ikifuatwa na majimbo mengine 10.

Wapo waliodai baadaye, na wapo wadaio hata leo, kwamba Kusini ilipigania haki za majimbo. Dai hili nalikataa, na sina haja ya kwenda mbali kutafuta hoja. Mississippi, katika tamko lake la kujitenga, iliandika waziwazi kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa. Na Alexander Stephens, makamu wa rais wa dola mpya ya majimbo yaliyojitenga, alihutubia Savannah Machi 1861 akasema kwamba msingi wake ni kule kutolingana kwa mweusi na mweupe. Zaidi ya hayo, mabwana hao hao ndio waliotaka nguvu za serikali kuu zizivunje sheria za majimbo ya Kaskazini yaliyowahifadhi watoro. Haki za majimbo walizikumbuka zilipowafaa.

Mizinga ililia katika ngome ya Fort Sumter tarehe 12 Aprili 1861, na kwa mwaka wa kwanza na zaidi serikali ya Lincoln ilisema unapiganiwa umoja wa nchi tu. Waliougeuza mwelekeo huo, pamoja na wengine, ni watumwa wenyewe. Mwezi wa Mei mwaka huo huo watu watatu walitoroka usiku wakaingia ngome ya Fort Monroe, na Jenerali Butler wa Kaskazini akakataa kuwarudisha, akisema kwamba maadamu bwana wao amewafanya mali na kuwatumia katika vita, yeye naye huwashika kama ngawira. Nyuma yao wakaja maelfu. Mei 1862 Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa rubani wa meli ya jeshi la Kusini iitwayo Planter, aliiondoa bandarini Charleston kabla ya alfajiri pamoja na jamaa zake, akazipita ngome kwa kutoa ishara zilizozoeleka, akaikabidhi kwa adui wa mabwana zake. Tangazo la uhuru la tarehe 1 Januari 1863 liliwafungulia weusi mlango wa jeshi, wakaingia wapata 180,000. Vita vilipokwisha Aprili 1865 walikuwa wamekufa askari wasiopungua 620,000, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Huku kwetu merikani iliadimika. Pamba ya Kusini ilikuwa imezingirwa na manowari za Kaskazini, viwanda vilikosa malighafi, na manowari ya waasi iitwayo Alabama ilizitia hofu merikebu za Marekani hata katika Bahari ya Hindi. Februari 1864 ilitia nanga Nzuani, katika visiwa vya Ngazija, kutafuta chakula. Vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikashika nafasi, na biashara ya Salem haikurudia tena adhama yake. Soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, hata hivyo, liliendelea mpaka mtawala Sayyid Barghash alipolifunga Juni 1873.

Urithi wa vita vile unaonisikitisha zaidi ni ule wa ardhi. Utumwa ulifutwa katika katiba Desemba 1865, isipokuwa kama adhabu ya mwenye hatia, na mwanya huo ulitumiwa upesi kuwakamata watu huru kwa makosa madogo na kuwakodisha kama vibarua. Eka 40 alizoagiza Jenerali Sherman wagawiwe walioachwa huru kando ya pwani, Rais Andrew Johnson aliwarudishia mabwana wa zamani. Mtu huru akabaki akilima pamba ya yule yule kwa kugawana mavuno, amezama katika deni. Majeshi ya serikali kuu yalipoacha kuwalinda mwaka 1877, kura yake nayo ikanyang'anywa, isirudishwe kwa ulinzi wa sheria mpaka 1965. Na fidia? Watumwa wa mji wa Washington walipofunguliwa Aprili 1862, fedha walipewa mabwana. Unguja nayo, sheria ilipouondolea utumwa nguvu mwaka 1897, waliofidiwa walikuwa wenye watumwa, na walioachwa huru wakabaki wengi wao katika mashamba ya karafuu yale yale, wakikaa kwa idhini ya mwenye shamba.

Katika miaka hiyo wanawake wa Unguja waliokuwa wajakazi walifanya jambo ambalo hakuna sheria iliyowaamuru. Kwa muda mrefu vazi la mjakazi lilikuwa ni merikani na kaniki. Walipopata senti zao wenyewe waliliacha, wakaenda dukani wakachagua kanga zenye rangi na nakshi, wakajifunga mbili mbili, wakatoka nazo barabarani.