Sofa la Zilizopendwa

Sebuleni kwa shangazi yangu, Manyatta, kuna sofa la maua maua: waridi jekundu kwenye kitambaa cha manjano, mikono ya mvule, na vitambaa vyeupe vya kufuma vinavyotandikwa mgongoni kila Jumapili. Fundi wa Kibuye alipokuja kulitazama alibonyeza springi, akagonga mbao. "Mama, hili usiuze. Tubadilishe sponji tu. Mbao hii mchwa hawaiwezi."

Wauzaji wa samani wangeliita vinteji. Kwa Kiswahili tuliite nini?

Neno la kwanza kumjia mtu ni kuukuu, nalo linaniuma, kwa kuwa siku hizi wengi wakilisikia huona kitu kilichochakaa. Wahenga hawakulidharau hivyo. Walisema kuukuu ya kamba si mpya ya ukambaa. Mtumba nalo halifai: sofa hili halijawahi kuwa na mwenyewe mwingine. Kikale linavutia, ila ki- hiyo ni ya namna, kama ile ya kifalme. Sofa lililopigiliwa jana Kondele kwa mtindo wa miaka ya 1960 nalo ni la kikale. Na vitu vya kale hasa, kwa desturi ya wafanyabiashara, ni vile vilivyotimiza miaka 100.

Vinteji lenyewe lilianzia shambani. Lilikuwa jina la mavuno ya zabibu, likawa jina la mwaka wa mvinyo mzuri, ndipo likahamia kwenye magari, nguo na viti. Sisi tunalo neno linaloweza kusafiri vivyo hivyo. Redio ikipiga Fadhili William au Daudi Kabaka, Mkenya husema hizo ni zilizopendwa. Mtanzania husema zilipendwa. Neno hili halihesabu miaka. Linashuhudia kwamba kitu kilipendwa na kwamba watu bado wanakirudia, na hiyo ndiyo maana tunayoitafuta. Ngeli isitutie hofu: zi- ya nyimbo imekwisha kuganda, neno limekuwa jina. Basi na tuseme sofa la zilizopendwa, kabati la zilizopendwa.

Shangazi alikubali sponji mpya. Kitambaa alikikatalia katakata, ikabidi fundi ang'oe misumari mmoja mmoja, waridi lisichanike, kisha akakirudisha palepale kilipokuwa.