KIWAMBO CHA SAUTI: Baba alileta kelele, mtoto akatafuta kimya

Wadau, kuna mshkaji mmoja wa Buger kule Karatu, jina nalibania, kanifuata inbox. Ana rifle yake, ina leseni, na anataka kununua kiwambo cha sauti, cha kwanza maishani. Achukue kipi?

Nilitaka kucheka, nikadhani kaangalia muvi sana. Kumbe ana mjomba, askari wa wanyamapori mstaafu, miaka kibao kapiga risasi hewani kufukuza tembo kwenye mahindi. Leo ukimpa shikamoo mzee yule, lazima upayuke.

Sasa sikia. Mwaka 1884 Hiram Maxim alibuni bunduki ya rashasha iliyobeba jina lake. Sisi tunaijua kwa machungu: Agosti 1905, pale Mahenge, Wajerumani waliwamwagia wapiganaji wa Maji Maji risasi za rashasha hizo. Mwenyewe aliishia kuwa kiziwi, kwa kukaa na milio ya bunduki miaka yote. Halafu mwanawe, Hiram Percy Maxim, mwaka 1909 akapata hataza ya kiwambo cha sauti! Kanuni yake ni ile ile ya ekzosi ya gari: gesi ya moto inazungushwa kwenye vyumba, inapoa, inatoka taratibu.

Marekani walikiogopa. Mwaka 1934 wakakipiga kodi ya dola 200, hela ndefu enzi hizo, na kodi ikaganda hapo hapo hadi ilipofutwa mwaka 2026. Ila Norway na New Zealand mwindaji anakinunua kama kifaa kingine chochote cha uwindaji.

Na ile "pyuu" ya kwenye muvi ni uongo, bana. Rifle inalia desibeli 160 na kitu. Kiwambo kinapunguza kama 20 hadi 35, bado ni kishindo. Tena risasi yenyewe inaipita spidi ya sauti, mita kama 340 kwa sekunde, kwa hiyo inachanika hewani "kraa!" hata ufunge nini mdomoni mwa bunduki. Unachookoa ni sikio.

Kwa hiyo mshkaji, cheki kwanza tundu. Kiwambo cha risasi nene kinaweza kupitisha nyembamba. Ukigeuza, kinapasuka usoni kwako. Pili, nyuzi za mtutu ziingiane sawasawa na kikae mstari mmoja na mtutu. Tatu uzito: nusu kilo mbele ya mtutu inachosha mkono, na risasi inahama shabaha, so lazima uilenge upya. Vya bei chee visivyo na jina, achana navyo.

Lakini kabla ya yote hayo, polisi na watu wa wanyamapori. Jirani zako Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana silaha ya kimya tangu enzi, upinde na mshale wa sumu ya panjube, na hakuna aliyewaogopa kwa hilo. Bunduki ni stori nyingine. Kreta ya Ngorongoro ilihesabiwa faru 108 miaka ya 1960. Miaka ya 1990 hawakufika hata 20, na ujangili ndo uliwamaliza. Askari porini anategemea kusikia mlio. Ukikutwa huko na kiwambo bila karatasi, nani ataamini habari za sikio la mjomba?

Nimemwandikia hivyo hivyo. Kajibu atapita kituoni Jumatatu, na kwa sasa kamnunulia mzee kadi ya salamu, maana ya kupayuka imemchosha.