Msimulizi Kabla ya Msuko: Historia ya Vipengele vya Usimulizi katika Riwaya ya Kiswahili

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili katika tasnifu zetu huanza, mara nyingi, na orodha: msuko, wahusika, mandhari, mtazamo wa usimulizi, lugha na dhamira. Kila kipengele hupewa sehemu yake, kisha kazi hutolewa hukumu. Makala hii haikusudii kuikataa orodha hiyo. Inadai kwamba orodha yenyewe ina historia, na kwamba inapotumiwa bila kuijali historia hiyo huwafanya waandishi wetu wa mwanzo waonekane wameshindwa mtihani ambao hawakuwahi kuufanya.

Msuko una nasaba ndefu. Aristotle aliuona kuwa ni roho ya tanzia na kuwaweka wahusika chini yake, lakini alikuwa akizungumzia tamthiliya. Kwa upande wa nathari ya kubuni, mgawanyo unaorudiwa zaidi madarasani, wa wahusika bapa na wahusika duara, ulitokana na mihadhara ya E. M. Forster huko Cambridge mwaka 1927. Forster alijadili hadithi, watu, msuko, fantasia, unabii, ruwaza na ridhimu. Mandhari haikupewa mhadhara wake, na suala la nani anasimulia alilipitia kwa haraka, ingawa Percy Lubbock alikuwa amelifanya kiini cha kitabu chake cha mwaka 1921. Mwaka 1928 Vladimir Propp alichapisha uchambuzi wake wa ngano za Kirusi na kubainisha ndani yake vitendo 31 vya msingi. Kwake, mhusika hutambulika kwa kazi anayoifanya katika mwendo wa hadithi, wala hapana haja ya kuuliza ana moyo wa namna gani. Majibu haya mawili hayapatani, nasi tumelichukua la Forster tukalifanya kanuni. (Neno letu wenyewe linamwelekea Propp: mhusika ni yule ambaye jambo linamhusu, na halidai zaidi ya hapo.)

Athari ya uteuzi huo inaonekana wazi katika namna Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) inavyosomwa. Nchi inayoelea angani huhesabiwa kuwa mandhari isiyo halisi; Karama na Majivuno huitwa wahusika bapa, kwa kuwa majina yao yanawamaliza. Maelezo hayo ni sahihi. Lililo kosa ni kuyafanya udhaifu. Karama ameshtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, na utetezi wake ni kusimulia safari za wajumbe sita mbele ya baraza. Kila safari ni hoja katika kesi. Mjumbe mwenye migogoro mingi ya nafsi angeivuruga hoja, kama shahidi anayetoka nje ya swali aliloulizwa. Katika Adili na Nduguze (1952) hali ni hiyo hiyo: Adili anamsimulia Mfalme Rai kisa chake, na mfalme ana mamlaka ya kuamua. Kwa Shaaban Robert, basi, msikilizaji yumo ndani ya kazi, na ana uwezo juu ya msimulizi. Huo ni mpangilio wa fanani na hadhira, na pia wa Alfu Lela Ulela, iliyokwisha kusomwa kwa Kiswahili tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Msuko na wahusika vimepimwa kwa mahitaji ya tendo la kusimulia.

Muhammed Said Abdulla aliubadili uhusiano huo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), riwaya ya upelelezi inamtaka msimulizi ajue na anyamaze. Msomaji hapewi kisa kwa mfuatano wa matukio, bali kwa mfuatano wa ugunduzi wa Bwana Msa. Hapa msuko unapata uzito wake wa kisasa, na mandhari nayo inaanza kufanya kazi ya ushahidi, kwa kuwa mahali maiti ilipokutwa ni sehemu ya swali.

Euphrase Kezilahabi alikwenda mbali zaidi. Rosa Mistika (1971) inasimulia kwa nafsi ya tatu, lakini msimulizi anaingia katika hofu ya Rosa mbele ya baba yake, Zakaria, na Ukerewe inakuwa mahali penye uzito wa maisha ya kila siku. Kichwamaji (1974) inamwachia Kazimoto aseme kwa nafsi ya kwanza. Kazi hizi mbili ndizo zinazoitosha orodha yetu vizuri kabisa, na sababu ni nyepesi: orodha ilitungwa kwa riwaya za aina hiyo. Kufikia Nagona (1990), Kezilahabi huyo huyo ameuvunja msuko, ameifuta ramani ya mahali na kuwaondolea wahusika utambulisho thabiti. Kinachobaki ni sauti inayosimulia. Anayepima Nagona kwa orodha ataandika upungufu ule ule aliouandika kuhusu Kusadikika, ilhali kazi moja iko kabla ya uhalisia na nyingine imeuacha kwa makusudi.

Iko kazi moja inayoutatiza mfuatano huu. Aniceti Kitereza, naye wa Ukerewe, alimaliza kuandika kisa cha Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1980. Kisa ni cha mume na mke wanaotafuta mtoto, na msimulizi hukisimamisha kila mara ili aeleze mila, kazi na adabu za Wakerewe. Kwa tarehe ya kuandikwa, riwaya hii inaitangulia Kusadikika; kwa tarehe ya kuchapishwa, inaifuata Gamba la Nyoka (1979). Mhakiki wa msuko ataziita simulizi hizo za mila michepuko. Lakini Kitereza aliandika ili maisha hayo yasipotee, na kwa shabaha hiyo kisa cha wanandoa ndicho kilichokuwa chombo, na maelezo ya mila ndiyo yaliyokuwa shehena.